Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi husoma riwaya za safari za ajabu hadi macho yanamwasha. Anazo kwenye simu, anazo chini ya kitanda, na ana nadharia yake. Anasema kila safari ya aina hiyo huhitaji vitu vinne: ramani, mlima wa mbali, kundi la watu waliokula kiapo, na mapenzi yaliyofungana kama mshipi wa mvuvi mlevi. Huyu anampenda yule, yule anamtazama mwingine, na wote wanadhani wanakwenda kuokoa dunia.

Nikamwambia, ya kweli ilianzia kwetu. Lamu, mwaka 1894.

Akadhani namtania. Nikamtumia kitabu, maana kiko bure mtandaoni, hakidai hata shilingi. Siku tatu baadaye akanipigia usiku wa manane: "Hawa watu walikuja kweli? Walitoka kwenye kitabu wakapanda meli?"

Ndivyo ilivyotokea kwamba wiki mbili baada ya Idi tulikuwa watatu kwenye boti, tunavuka kutoka Lamu kwenda Mokowe, na kutoka Mokowe tupande boda mpaka Kililana. Mimi, yeye, na binamu yangu. Binamu yangu amesomea kuendesha mitambo ya bandarini. Cheti chake kimo ndani ya bahasha ya plastiki, kazi bado. Mimi na yeye tulikuwa na mwaka mzima hatujataja neno "bandari" mbele ya kila mmoja wetu, kwa sababu mara ya mwisho tulipolitaja bibi alilazimika kututoa nje ya nyumba kama kuku. Rafiki yangu aliketi katikati yetu. Kufikia Mokowe alikuwa amehamia upande wa binamu yangu, na haikunichukua muda kugundua kwamba si hoja peke yake zilizomvuta. Basi vitu vinne vya safari vilikuwa vimetimia, ila mlima tu.

Sasa nikupe kisa cha kitabu.

Theodor Hertzka alizaliwa Pest, Hungaria, mwaka 1845, akawa mchumi na mwandishi wa magazeti mjini Vienna. Mwaka 1890 alichapisha riwaya kwa Kijerumani iitwayo Freiland. Mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza kama Freeland. Nchi Huru. Kundi la watu wenye moyo linasafiri kutoka Ulaya, linashuka Mombasa, linapita Taveta na Kilimanjaro, linakatiza nchi ya Wamasai, mpaka linafika Mlima Kenya. Huko, kwenye bonde wanaloliita Edeni, wanaanzisha nchi isiyo na tajiri wala maskini. Hakuna riba. Kila mfanyakazi anaweza kujiunga na chama chochote cha kazi na kupata sehemu yake ya mapato. Wazee, watoto na wasiojiweza wanapewa posho. Na msingi wa yote ni sheria moja: ardhi haina mwenyewe. Anayetaka kuitumia aitumie, ila hakuna anayeweza kuiita yake.

Nitakuwa mkweli. Nilipokisoma mara ya kwanza, nikiwa chuoni, nikiishi chumba kimoja na wenzangu wawili na kodi ikipanda kila mwaka, kilinigusa. Mtu aliyeandika mwaka 1890 kwamba nyumba na chakula na elimu si bahati ya kuzaliwa bali ni haki, huwezi kumcheka moja kwa moja. Hertzka hakuwa mwizi. Alitaka kuonyesha kwamba uhuru wa soko na usawa wa binadamu vinaweza kukaa chumba kimoja bila kupigana, na akatafuta mahali pa kuvikalisha.

Shida ni mahali alipopachagua. Ndani ya riwaya, watu wa nchi hii wapo, wengi, wana majina na nguo na silaha. Wamasai wanageuzwa marafiki, Wakikuyu wanawapokea wageni. Kitu kimoja tu hawana: neno la kukataa. Ukilisoma vizuri utaona kwamba ile sheria nzuri, ardhi haina mwenyewe, inaanza kufanya kazi kabla Nchi Huru haijaanzishwa. Inaanza pale wageni wanapolitazama bonde na kuliona tupu.

Kitabu kilienea. Vyama vya Freeland vikaundwa katika miji ya Ujerumani, Austria na kwingineko. Watu wakachanga pesa na kukutana jioni kuzungumzia Mlima Kenya kama vile ni mtaa wa pili. Mwaka 1894 msafara wa kwanza ukapanda meli. Kiongozi wake alikuwa Dakta Julius Wilhelm. Hertzka mwenyewe alibaki nyumbani.

Hawakushuka Mombasa kama kwenye riwaya. Walishuka Lamu. Sababu ni ramani. Tazama Mto Tana: unatoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, unazunguka, unateremka, unamwaga maji baharini karibu na Kipini, kusini-magharibi ya visiwa vyetu. Kwenye karatasi ni barabara iliyonyooshwa na Mungu kutoka bahari yetu mpaka Bonde la Edeni. Panda chombo, fuata maji, utafika. Waliozaliwa kando ya Tana wangewaambia kuhusu mafungu ya mchanga yanayohama, viboko, mbu, na mto unaobadilisha njia ukichoka na ile ya zamani. Lakini ramani haina viboko.

Na ile Lamu waliyoshukia haikuwa mlango ulioachwa wazi. Hebu fikiria bara ya Lamu ilivyokuwa miaka hiyo. Witu, safari fupi kutoka Mokowe, ilikuwa makao ya Ahmed wa ukoo wa Nabhany, watu wakimwita Simba. Ukoo wake ulitawala Pate. Yeye alikimbilia msituni bara, akajenga dola ya watu waliomkimbia Sultani wa Zanzibar, wakiwamo watumwa watoro. Akihitaji mshirika dhidi ya Zanzibar, mwaka 1885 aliwapa ardhi ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya Witu. Huo ndio urafiki wa aina ambayo rafiki yangu anaipenda kwenye riwaya: Simba aliwapenda Wajerumani kwa sababu ya Zanzibar, Wajerumani walimpenda Simba kwa sababu ya Waingereza. Tarehe 1 Julai 1890 Berlin na London zikapatana, Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, na Witu ikahamishiwa kwa Mwingereza. Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, hakuulizwa.

Mwezi Septemba mwaka huohuo Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, aliyekuja kukata mbao kwenye msitu wa Witu, aligombana na watu wa Sultani. Yeye na wenzake wakauawa. Oktoba majeshi ya wanamaji wa Kiingereza chini ya Admirali Fremantle yakapanda kutoka pwani yakauchoma mji. Fumo Bakari alifariki miezi michache baadaye. Vita vya msituni viliendelea.

Kwa hiyo msafara wa Nchi Huru uliposhuka, majivu ya Witu hayakuwa na miaka minne. Na kuna jambo jingine ambalo mimi hunikaa kooni zaidi ya Fremantle. Mwaka 1894 utumwa ulikuwa bado halali kisheria hapa. Zanzibar ulifutwa 1897. Kwetu, pwani hii ya Kenya, mpaka 1907. Mashamba ya bara yaliyoilisha Lamu, mtama na simsim iliyopakiwa majahazini, yalilimwa kwa sehemu kubwa na watu waliomilikiwa na watu wa visiwani. Wakiwamo, siwezi kuficha, watu wa mitaa ambayo mimi nimetoka. Basi fikiria jioni moja Lamu: sebuleni wageni wanajadili mpaka sauti zinapanda namna ya kugawa mapato katika nchi ambayo kila mtu ni huru, na huko barazani chini anapita kijana amebeba mtungi wa maji, yeye mwenyewe ni mali ya mtu. Sina ushahidi wa jioni hiyo hasa. Ila nyumba zilikuwapo, mitungi ilikuwapo, na kijana alikuwapo.

Msafara wenyewe haukuhitaji adui. Ndani yake mlikuwa na wasoshalisti wa kweli walioamini kila ukurasa, mlikuwa na wasiotaka serikali ya aina yoyote, na mlikuwa na wapenda vituko waliokuja kuwinda na kuonja Afrika. Wote wakitumia neno moja, uhuru, kila mmoja akimaanisha lake. Wakabaki Lamu wakisubiri, na kusubiri Lamu kuna dawa yake na sumu yake. Joto, homa, pombe, pesa inayokwisha, ugomvi. Wakuu wa Kiingereza wakiwatazama kwa mashaka, wakihofia wageni wenye bunduki watakaochokoza makabila ya juu mtoni. Kabla mwaka haujaisha msafara ulikuwa umevunjika. Mlima Kenya hawakuufikia. Nchi iliyotakiwa kuokoa dunia iliishia kwenye vichochoro vyetu.

Ulaya walicheka. Theodor Herzl, naye mzaliwa wa Pest, naye mwandishi wa Vienna, alipochapisha kitabu chake kuhusu dola ya Wayahudi mwaka 1896, alianza kwa kujitenga na Freeland: ile ni ndoto tamu, alisema kwa maana hiyo, mpango wangu mimi ni wa kweli. Miaka saba baadaye, 1903, serikali ya Uingereza ikawapa Wazayoni ahadi ya ardhi Uasin Gishu. Mkutano wao ukaikataa mwaka 1905. Tena nchi yetu ilikuwa imewekwa mezani, tena kwa kundi lenye shida ya kweli na ndoto ya kweli, na tena hakuna aliyewauliza Wanandi.

Yote haya nilikuwa nikimsimulia rafiki yangu kwa kupiga kelele, boda moja ikikimbia sambamba na nyingine kwenye lami mpya. Binamu yangu mbele yetu hakugeuka. Tulipofika mahali ambapo kreni za bandari zinaonekana juu ya miti, akasimamisha boda yake, akavua helmeti, akasema, "Haya, mlima wenyewe huo."

Kililana iko ukingoni mwa bara, inatazama ghuba ya Manda. Ukiwa na umri wa bibi utaijua kwa mikoko, kwa kamba na kaa, na kwa mashamba ya mahindi, kunde na simsim yaliyolimwa kwa zamu: unalima hapa misimu kadhaa, unaacha udongo upumzike, unahamia pale, unarudi. Mtu asiyejua akipita mwaka wa kupumzika anaona kichaka. Miaka ya 1960 vita vya Shifta viliwatoa watu wengi wa bara wakakimbilia visiwani, na kichaka kikaongezeka. Hati? Wachache sana. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi ya Pwani: mwenye kudai athibitishe mbele ya afisa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Uhuru ulipokuja, ardhi hiyo haikurudi kwa waliolima. Ilihama droo tu. Kwa hiyo bibi alilima, na mamake alilima, kwenye ardhi ambayo karatasi ilisema haina mwenyewe.

Unaona sasa kwa nini kitabu cha Hertzka kinaniuma? Ni sentensi ileile. Vienna ilimaanisha kila mtu aitumie. Kililana ilimaanisha yeyote mwenye nguvu aichukue.

Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi walisimama Lamu kuzindua LAPSSET: bandari ya magati 32, barabara, reli na bomba la mafuta, kutoka Kililana kupitia Garissa mpaka Isiolo, kisha Sudan Kusini na Ethiopia. Wenza watatu, ramani moja. Sudan Kusini ilitaka njia ya mafuta isiyopita kwa Khartoum. Ethiopia haikuwa na pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993. Kenya ilitaka kaskazini yake iliyosahaulika ifunguke. Halafu mapenzi yakafanya yanavyofanya. Meles alifariki Agosti mwaka huohuo. Desemba 2013 Sudan Kusini ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 2016 Uganda, iliyotarajiwa kupitisha mafuta yake huku, ikachagua Tanga.

Na Isiolo iko wapi? Chini ya Mlima Kenya, upande wa kaskazini. Chukua ramani uchore mstari kutoka Lamu. Ni safari ya Dakta Wilhelm.

Tofauti ni kwamba hii haikufia kwenye vichochoro. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kabla ya hapo wavuvi walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, haki ya mazingira safi, ya utamaduni wao na ya kushirikishwa, ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Wakulima wa Kililana nao walidai. Baadhi walilipwa baada ya kungoja miaka. Kisa cha bibi ni kirefu na sitakiandika hapa. Hukumu ile naipenda kwa jambo moja: kwa mara ya kwanza jaji aliandika kwamba wale waliokuwapo walikuwapo.

"Maliza," binamu yangu akasema. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha mkorosho, tunanywa maji moto ya chupa. "Sema bandari mbaya, mimi niende zangu."

"Sijasema mbaya."

"Umesema sisi kama wale wazungu wa kitabu. Mimi si mzungu wa kitabu. Mimi nimezaliwa Mkomani, nataka kazi ambayo hainipeleki Doha. Baba yako alivua, baba yangu alivua, wote wawili walituambia tusivue. Sasa ndoto ikija nayo ina kreni, unataka niikatae kwa sababu Mjerumani alilewa 1894?"

Rafiki yangu alimtazama kwa namna ambayo sitaieleza. Mimi sikuwa na jibu. Nimelifikiri tangu siku ile, na jibu langu ni hili, liwe dogo. Hertzka hakukosea kuota. Walioota usawa wa watu karne ya 19 walituachia mambo ambayo tunayatumia hadi leo: siku ya kazi yenye mwisho, pensheni, shule ya bure. Na binamu yangu hakosei kutaka kreni. Kosa liko kwenye hatua moja ndogo, ile ya kutazama mahali ambapo mtu analima kwa zamu na kuandika "patupu". Hatua hiyo aliifanya msoshalisti wa Vienna kwa nia njema, aliifanya afisa wa 1908 kwa kalamu, na, tuwe wakweli wa Lamu, waliifanya wazee wetu wenyewe walipomtazama aliyelima simsim yao wakaona mkono tu bila mtu. Ukiikosa hatua hiyo, ndoto yako inaweza kuwa kubwa unavyotaka.

Tulirudi Lamu na boti ya mwisho. Bibi alikuwa ametuwekea wali na samaki wa kupaka. Rafiki yangu, mwenye adabu za mgeni, akamwamkia shikamoo, akaketi, akaanza kumsimulia kisa cha wazungu waliokuja kutafuta nchi ambayo ardhi haina mwenyewe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho huku akitoa miiba kwenye samaki wa mgeni.

"Wakaipata?"

"Hawakuipata, bibi. Waligombana hapahapa."

"Na nti hiyo wakenda kutafuta mlimani," bibi akasema kwa Kiamu chake, "ikawa haina watu?"

"Ilikuwa na watu."

"Ala." Akaosha mkono. "Basi walipotea ndia tangu kwao."

Binamu yangu alicheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Akatoa simu, akafungua ramani ya setilaiti, akamsogelea bibi kwenye mkeka. Rafiki yangu akasogea pia, kichwa kwa kichwa na binamu yangu, nami nikajifanya sioni. Binamu akavuta picha karibu mpaka ghuba ikajaa kioo: maji ya kijani, mikoko, halafu kijivu cha saruji.

"Bibi, kisima kilikuwa wapi?"

Bibi alivaa miwani. Alisogeza picha kwa kidole chenye mafuta ya samaki, akapita saruji, akarudi, akatafuta mkono wa bahari unaoingia kama ndoana. Alichukua muda mrefu. Kisha akabonyeza, ukingoni kabisa, pale kijivu kinapogusana na kichaka.

"Hapa. Na mwembe wa mamangu huu, wa yua kutwa."

Binamu yangu akaweka alama kwenye ramani, ile alama nyekundu ya mahali, simu ikamuuliza jina. Akanitazama. Nikamwambia andika. Akaandika: Kisima cha Bibi.